Fildi ya watoto wetu isiishie kwenye muhuri

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa fupi, lakini jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu na nikilikatakata halitaeleweka.

Mimi ni mama mwenye steshenari hapa Morogoro mjini, hatua chache kutoka geti la chuo kikuu. Sitasema chuo gani. Vyuo vikuu hapa kwetu ni zaidi ya kimoja, na ninayoyaeleza nimeyaona kwa watoto wa vyote, hata wanaosoma Dar es Salaam na Dodoma wanaporudi likizo. Nachapa, natoa kopi, naskani, nabaindi. Msimu wa kuomba mikopo nakesha na wazazi wanaohakiki vyeti vya kuzaliwa RITA. Lakini kwa miaka kumi na minne sasa, kazi inayonilisha kuliko zote kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi ni karatasi za fildi.

Kwa msomaji ambaye hana mtoto chuoni: fildi ni mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi akifunga mwaka anakwenda kukaa ofisini, kiwandani, shambani au hospitalini wiki nane hivi, wengine zaidi, wengine pungufu, kutegemea na kozi. Anafanya kazi anayoisomea. Kila siku anaandika alichofanya kwenye kitabu tunachokiita logibuku, msimamizi wake wa kazini anasaini na kugonga muhuri, mwalimu wake wa chuo anamtembelea, mwisho anaandika ripoti na kupewa alama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa wengi wa hawa watoto, katika miaka yote mitatu ya digrii, hizo ndizo wiki pekee wanazokutana na kazi uso kwa uso.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na faili lenye jina BARUA FILDI. Mwaka wa kwanza wa duka mwanafunzi mmoja aliniletea barua yake niichape, ikanipendeza, nikaihifadhi. Baada ya hapo kila aliyekuja na kusema, "Shikamoo mama, naomba uniandikie barua ya fildi," nilifungua faili lile, nikabadilisha jina, kozi, namba ya usajili na tarehe, nikaprinti. Shilingi elfu moja na bahasha. Ilianza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya uangalizi mdogo." Niliona nawasaidia. Kweli walikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, aliingia dukani baba mmoja kutoa kopi ya kadi ya gari. Ni mtu wa ofisi ya rasilimali watu kwenye kiwanda, sitakitaja. Wakati anasubiri, mashine ikatema barua ya binti mmoja aliyekuwa amesimama pembeni yake. Akaichukua akaisoma, kisha akaniuliza taratibu, "Dada, hizi barua unaziandika wewe?" Nikamwambia ndiyo, kwa fahari kabisa. Akasema, "Mezani kwangu ziko thelathini na kitu, zote hii hii. Na zote zimeandikwa *mafuzo* kwa vitendo. N haipo."

Nikaichukua ile karatasi nikaangalia. N haikuwepo kweli, tena kwenye kichwa cha habari, kwa herufi kubwa, kimepigwa mstari. Ilikuwa imekosekana miaka yote ile. Sikuiona mimi, hawakuiona waliotia saini chini yake.

Nikamuuliza sasa anachaguaje. Akanijibu, "Nina nafasi ya watano. Barua zote zikifanana, nachukua tano za juu."

Yule binti alikuwa anasikiliza. Alilipa elfu yake, akaikunja barua, akaondoka bila kusema neno. Mimi usiku huo sikulala. Nilikuwa nawahesabu kichwani, wale ninaowakumbuka sura, waliokuja kwangu mara tatu, mara nne, kuprinti barua ile ile kupeleka ofisi nyingine kwa kuwa ya kwanza hawakujibiwa. Nilidhani wamekosa koneksheni. Huenda ni koneksheni kweli kwa baadhi yao. Lakini wengine niliwafanya mimi wafanane.

Tangu siku hiyo nilianza kuangalia kwa jicho jingine kila karatasi inayopita mikononi mwangu, na nilichokiona kwenye logibuku kiliniumiza zaidi ya ile barua.

Ikikaribia siku ya kurudi chuoni, watoto wanakuja kununua kalamu mbili mbili, ya bluu na nyeusi. Wanakaa kwenye benchi langu la nje, chini ya mwembe, na mchana mmoja wanajaza wiki nane. Kalamu mbili ni ili kurasa zisifanane. Wanaulizana, "Wewe Jumanne ya wiki ya tano umeweka nini?" Kisha wanatafuta namna ya kupata mihuri.

Mwanzo niliwaona wavivu. Siku moja nikamwuliza binti wa mwaka wa pili anayesomea mambo ya maji, mtoto mwenye adabu na akili, kwa nini asijaze siku kwa siku. Akaniambia, "Mama, wiki ya kwanza niliandika ukweli. Jumatatu niliandika: leo nimekaa. Jumanne: leo nimekaa, mchana nimetumwa chapati. Supavaiza aliposoma aliniambia nichane zile kurasa, nitamharibia." Akachana. Wiki zilizobaki aliendelea kukaa. Kazi aliyofanya kwa siku zote zile ilikuwa kupeleka mafaili chumba hadi chumba na kutoa kopi. Pampu aliiona siku moja, kupitia dirisha la gari. Kwenye logibuku, kwa kalamu ya bluu, imeandikwa kwamba alishiriki ukarabati wa pampu.

Nimeikuta karatasi ya ripoti hiyo imeharibika kwenye mashine, nimeitunza mpaka leo. Ina muhuri mzuri kabisa.

Sisemi haya ili kumlaumu supavaiza yule. Nilipata nafasi ya kuzungumza tena na yule baba wa kiwandani, maana sasa ni mteja wangu, akanieleza upande wao. Wanafunzi wanaletwa kwa mkupuo, miezi ile ile, vyuo vyote kwa wakati mmoja. Hakuna anayemwambia mapema huyu anakuja kujifunza nini hasa. Barua ya chuo inasema tu "tunaomba mumpokee". Yeye ana kazi zake, ana malengo ya uzalishaji, na mtoto asiyeijua mashine anaweza kuumia. Kilicho rahisi ni kumpa kiti. Na walimu wa chuo nao, mwalimu mmoja anagawiwa wanafunzi waliotawanyika mikoa mitatu minne, anafika wiki ya mwisho, anakaa robo saa, anasaini, anakimbilia basi la kwenda kwa mwingine. Kila mtu amefanya kipande chake. Mtoto peke yake ndiye aliyerudi mikono mitupu.

Sasa nieleze kwa nini mimi, muuza karatasi, naliona hili kuwa kubwa kuliko ukosefu wa madawati.

Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Waombaji walikuwa 135,027. Ni zaidi ya watu 84 kwa nafasi moja. Siku zile dukani kwangu palikuwa kama stendi ya Msamvu siku ya Krismasi. Walikuwepo wenye digrii za mwaka ule na wenye digrii za miaka saba nyuma, waliokwishaoa, waliokuja na watoto mgongoni, mmoja ameegesha bodaboda nje na bado amevaa kofia ya chuma. Na si jambo la jana. Wasomaji watakumbuka mwaka 2014, Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwenye usaili wa nafasi 70, Uwanja wa Taifa Dar es Salaam ukajaa zaidi ya watu elfu kumi jukwaani.

Niliandika wasifu wa wengi wao, na hapo ndipo nilipoliona shimo. Tukifika sehemu ya uzoefu wa kazi, mikono yangu inasimama kwenye kibodi. Namuuliza, "Hapa niweke nini?" Ananiangalia. "Weka fildi, mama." "Fildi ulifanya nini?" Kimya. Mtu ana digrii nzuri, GPA ya nne na zaidi, hana sentensi moja ya kweli ya kuweka pale. Matangazo ya kazi yanataka uzoefu wa miaka miwili, mitatu. Tunalalamika kwamba kijana aliyemaliza juzi atautoa wapi, na ni malalamiko ya haki. Lakini tulimpa wiki nane mwaka wa kwanza, nane mwaka wa pili, tukazitumia kumtuma chapati.

Baba yangu mdogo, ambaye sasa ni mzee sana, hupenda kunisimulia jinsi wao walivyoingia chuo kikuu. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma, na baada ya hapo kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo moja kwa moja. Alikwenda JKT, kisha akafanya kazi miaka miwili, na ili achaguliwe alihitaji mapendekezo ya mwajiri wake. Yeye alikuwa karani wa ghala la nafaka. Anasema alipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma uhasibu, mwalimu akifundisha hesabu ya hasara ya mzigo yeye alikuwa anaiona harufu ya ghala, anayakumbuka magunia yaliyoliwa na panya na bosi aliyewalazimisha wahesabu upya usiku. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake na uliachwa. Wapo waliokata tamaa ya kusoma kwa kucheleweshwa, na sitamani urudi. Ninachokitamani ni ile hali ya mwanafunzi kukaa darasani akiwa tayari ana swali lililotoka kazini.

Na nimeiona ikitokea, Mhariri, tena mahali ambapo hakuna aliyepeleka barua.

Kuna mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga njia ya kwenda Dakawa, mteja wangu wa vitabu vya risiti. Siku moja alimkuta dukani kijana wa mwaka wa pili, kozi ya biashara ya kilimo, aliyekuwa amekataliwa na ofisi sita. Kijana amekaa chini, kichwa mikononi, zimebaki siku nne chuo kifunge orodha. Mama yule akamwambia, "Mwanangu, mimi sina ofisi. Nina mashine na vumbi. Ukitaka njoo."

Akaenda. Siku ya kwanza alimwuliza mwenye mashine, gunia moja linakula uniti ngapi za LUKU? Mama hakujua. Alikuwa ananunua umeme unapokaribia kuisha, basi. Kijana akachukua kaunta buku, akachora mistari kwa rula: tarehe, magunia yaliyoingia, uniti asubuhi, uniti jioni. Kila siku. Wiki ya pili ikielekea kuisha akaona magunia ni yale yale lakini uniti zinapanda. Akakaa karibu na mwendesha mashine kutwa nzima, akagundua kwamba mpunga ulikuwa unapitishwa mara mbili, maana mara ya kwanza ulikuwa unatoka na chuya nyingi. Mipira ya mashine, ile inayomenya maganda, ilikuwa imelika. Mama yule alikuwa na desturi ya kuibadilisha wateja wakianza kulalamika. Wakati huo anakuwa ameshalipa umeme wa bure wiki nzima na zaidi, na wateja wengine wameshahamia mashine ya jirani kimyakimya.

Wakabadilisha mipira, na kesho yake uniti zikashuka. Kijana akaandika na hiyo. Wakakubaliana kwamba kuanzia sasa mipira itabadilishwa kwa kuangalia kitabu, wateja wasingojwe walalamike.

Aliniletea kaunta buku lile nilibaindi pamoja na ripoti. Lilikuwa na madoa ya grisi, kurasa zimeingia pumba katikati. Nilipolifungua zilidondoka kwenye kaunta. Nilitaka kuzifuta, akaniambia, "Acha mama, ziache." Siku tulipoandika wasifu wake mwaka wa mwisho, sehemu ya uzoefu mikono yangu haikusimama. Tuliandika: alipima matumizi ya umeme kwa kila gunia kwa siku 43, akagundua chanzo cha hasara, kikarekebishwa. Wanunuzi wa nafaka waliomwita kwenye usaili walimwuliza kuhusu sentensi hiyo na wakasahau maswali mengine, naye akatoa kaunta buku kwenye mkoba. Yuko nao kwa mkataba mpaka leo.

Alikuwa na GPA ya kawaida. Hakuwa na mjomba popote. Alikuwa na kazi moja aliyoianza na kuimaliza, na mtu wa kushuhudia.

Hilo ndilo ninaloliomba, Mhariri, na ndiyo sababu ya barua yote hii. Kila mwanafunzi anayekwenda fildi apewe kazi moja yenye jina, iwe ndogo kiasi gani, ambayo siku ya kuondoka ataiacha imekwisha. Pawe na mtu mmoja wa kuiulizia. Mwalimu wa chuo akifika asianze na "logibuku iko wapi". Aanze na "kazi yako ni ipi, nionyeshe".

Ofisi itakayosema haina kazi ndogo ya namna hiyo, mimi nitaishangaa. Kila ofisi niliyowahi kupeleka bili ina rafu ya mafaili ambayo hakuna ajuaye yaliyomo. Kila ghala lina vitu visivyohesabiwa. Shule zina mahudhurio ambayo hayajawahi kulinganishwa na mvua, hospitali zina foleni ambayo hakuna aliyewahi kuipima ni saa ngapi inakuwa ndefu. Mtoto wa takwimu, wa uhasibu, wa kilimo, wa maji, wote wana cha kufanya humo, na meza haihitajiki.

Vyuo navyo viache kuwaelekeza watoto kwenye ofisi kumi zile zile. Mkoa wetu una viwanda vya sukari, una mashamba ya mpunga Dakawa na Kilombero, una wakulima wa mboga kule Mgeta wanaoshusha kabichi kila siku, una mafundi wa kuchomelea Kihonda wanaotengeneza mashine ambazo hakuna aliyewahi kuzichora kwenye karatasi. Hawa hawana idara ya rasilimali watu na hawajui kwamba wanaruhusiwa kupokea mwanafunzi. Nilipomwambia fundi mmoja kwamba mtoto wa uhandisi anaweza kuja kwake wiki nane na chuo kikampa alama, alidhani namtania. Serikali ilikopa Benki ya Dunia dola milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu uitwao HEET ulioanza mwaka 2021, na majengo yake tunayaona yakinyanyuka vyuoni. Ndani ya mradi huo huo limo na lengo la kuvikutanisha vyuo na waajiri. Mimi nalithamini lengo hilo kuliko majengo. Naomba tu kwenye vikao hivyo, pembeni ya mkurugenzi wa kampuni, aitwe na yule mama wa mashine ya mpunga.

Kuna suala la nauli na chakula. Mwenye mkopo ana fungu la fildi, lakini wapo wasio na mkopo, na hao ndio wanaochagua ofisi kwa kuangalia shangazi anakaa wapi. Mtoto anasomea misitu anakwenda kufanyia fildi ofisi ya kata mjini kwa kuwa hapo hana nauli ya kulipa. Namfahamu mmoja aliyekuwa akitembea kutoka Mazimbu hadi mjini kila asubuhi, akifika jasho limeloanisha shati, na mchana akijifanya amefunga. Mwajiri asiyeweza kulipa posho anaweza kumpa sahani ya wali. Ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani.

Na kuna lingine nitalisema kama mama, bila kuzunguka. Mabinti wananiambia mambo wakiwa wanasubiri kopi. Wapo wanaowekewa sharti kabla ya kupewa nafasi, au kabla ya logibuku kusainiwa. Muhuri umegeuzwa mtego. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema wazi kwamba rushwa ya ngono ni kosa, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Nimeiandika kwa maandishi makubwa nikaibandika juu ya mashine ya kopi, wanapoangalia wote. Nawaomba wakuu wa vyuo, kabla binti hajatoka geti la chuo awe na jina na namba ya simu ya mwalimu mmoja, mwanamke, atakayepokea simu hata saa mbili usiku. Na akisema amehamishwa fildi katikati kwa sababu hiyo, asipoteze alama hata moja.

Wazazi wenzangu, na sisi tumo. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue toleo jipya la sera ya elimu Februari 1, 2025, kila mahali nasikia neno amali, na nalifurahia, maana watoto wa sekondari watashika kazi mapema. Lakini mzazi huyo huyo anayesifia amali, mtoto wake wa chuo akimwambia anakwenda fildi gereji, anakasirika. "Nimekusomesha ukavae ovaroli?" Nimeyasikia hayo dukani kwangu kwa masikio yangu. Mama aliyeyasema alimlazimisha binti yake atafute ofisi yenye kiyoyozi, binti akaipata, akakaa wiki nane chini ya kiyoyozi.

Mimi nimefanya nililoliweza. Faili la BARUA FILDI nimelifuta. Mwanafunzi akija sasa namkalisha kwenye stuli upande wangu wa kaunta, namuuliza maswali matatu. Umewahi kufanya nini kwa mikono yako? Nani alikuona? Pale unapoomba, unataka utoke ukiwa unajua nini? Wengi hulijibu la kwanza kwa kusema hawajawahi kufanya kitu. Nikisubiri kidogo linatoka: alikuwa anauza maandazi ya mama yake na kuweka daftari la madeni, alikuwa mhasibu wa jumuiya kanisani, aliunganisha bomba la kijiji akiwa na babu. Hayo ndiyo tunayaandika, kwa maneno yake, yeye akiwa ameshika kibodi. Inachukua nusu saa na nimebaki kutoza elfu ile ile. Baadhi hawataki, wanasema nawachelewesha, wanakwenda steshenari ya jirani, na jirani bado ana faili lake. Sina wa kumlaumu. Nilikuwa hivyo hivyo.

Pia ukutani nimebandika karatasi ya manila yenye majina ya watu wanaokubali kupokea mwanafunzi na kazi waliyo nayo. Kwa sasa yako kumi na tisa: mashine tatu za mpunga, fundi pampu, mfugaji wa kuku, duka la dawa za kilimo, zahanati moja, na wengineo. Yule baba wa kiwandani ameandika jina lake pia, na mbele yake ameandika kwa mkono wake: "Kuhesabu vipuri stoo, watu wawili, nitawasimamia mwenyewe."

Nafasi bado ipo kwenye manila, na mwezi wa tano wanaanza kuja. Mwenye kazi ndogo ya wiki nane hapa Morogoro apite aandike. Jina langu na namba ya simu nimekuachia wewe, Mhariri; naomba usiyachapishe, ila atakayetaka kuniona mpe.

Wako,
Mama wa steshenari,
Morogoro